Sauti ya Patron Zumbu

Valère alifanya kazi ya kutafsiri filamu katika salle moja ya vidéo, ukumbi wa kuonyeshea filamu, mjini Butembo. Filamu zilikuja na Kiingereza, Kichina au Kihindi. Yeye alikaa kando ya televisheni, mikro mkononi, akawasemea wote: askari, maharusi, watoto, hata mbwa. Watu walikuja kumsikia yeye kuliko kuona picha. Luc, mwenye salle, alilijua hilo na alimpa kiti kizuri kuliko cha kwake.

Mchana mmoja Luc alileta filamu ya mambo ya angani. Ndani yake mlikuwa na jitu la sayari nyingine, mkubwa wa majambazi wote wa nyota zile. Lilikuwa na upana wa lori, ngozi kama udongo uliolowa, na kinywa katikati ya kifua. Liliishi ndani ya birika la maji meusi na biashara yake ilikuwa hewa. Sayari maskini ziliipata kwake, na mji uliokataa kulitii lilikuwa linaufungia bomba, watu wakafa wakijishika shingo. Valère alimwita Patron Zumbu.

Shida ni kwamba Patron Zumbu hakuwa na lugha. Alinguruma tu, na chini ya picha hapakuwa na maandishi. Watu walimgeukia Valère, wakingoja. Akafungua kinywa bila kujua atasema nini, na ikatoka sauti nzito, ya taratibu, ya mwanamke:

"Moyo, muana wanyi. Polepole. Pumzi haikimbii."

Kisha jitu likafunga bomba.

Salle nzima ikaangua kicheko. Watu walipiga mabenchi, walishikana mabega. Walidhani jitu linataka kula mioyo ya watu. Valère naye alicheka ndani ya mikro. Lakini alijua sauti ile ni ya nani.

Ilikuwa ya Madame Ngalula, aliyemfundisha Kifaransa. Serikali ilikuwa imemtuma kutoka Kananga, mbali kabisa, mahali ambapo hakuna mtu wa Butembo aliyewahi kwenda kumtembelea ndugu. "Moyo" ni salamu ya kwao Kasai, na "muana wanyi" ni mwanangu. Alikuwa mama mrefu, mwenye sauti nzito kuliko ya wanaume wengi. Valère wa siku zile alikuwa na kigugumizi kibaya hata akaacha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Madame alikuwa akibaki naye darasani wenzake wakicheza nje, anamsomesha kwa sauti. Valère akikwama, hakumtajia neno wala hakugeuza uso. Alisema tu, "Polepole, muana wanyi. Neno halikimbii." Mwisho wa mwaka, mtoto yule alisoma ukurasa mzima mbele ya darasa, na tangu hapo hakunyamaza tena.

Filamu ilipokwisha Luc alimshika mkono. "Sauti ile, usiiache. Kesho batu batajaa mpaka inje."

"Nilitaka nibadilishe kidogo."

"Ubadilishe juu ya nini? Balicheka, haukusikia?"

Kesho yake Valère aliingia na sauti ileile, safari hii kwa kuitengeneza. Aliongeza namna Madame alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kusema. Aliongeza "n'est-ce pas" yake, ile ya kuuliza "sivyo?" mwishoni mwa sentensi. Jitu lilipouawa mwishoni, akalifanya liombe huruma kwa sauti hiyo, na watu wakasimama kupiga makofi. Luc alirekodi yote. Haikuchukua muda, filamu ikawa ndani ya simu za watu. Wanaobadilisha pesa sokoni walisalimiana kwa "Moyo, muana wanyi". Dereva wa moto, pikipiki ya kubeba abiria, akikataa kupunguza bei alisema pumzi haikimbii. Valère alipita katikati ya maneno hayo akitabasamu, huku akijiambia kwamba Madame alikwisha kuhamishiwa Beni, kwamba watu wa serikali hawana nafasi ya kuangalia upuuzi, na kwamba sauti si picha, nani angeitambua?

Dada yake mkubwa, Victorine, aliuza viazi Beni. Siku alipopanda kwenda Masereka kununua vingine alipitia kwa Valère. Alikunywa chai yote. Mwishoni akaweka kikombe chini.

"Unamukumbuka Madame yako wa Kifaransa?"

"Ndiyo, yaya," alimjibu dada.

"Siku ya ville morte, mugomo wa mji muzima, vijana balifunga barabara na matairi, banakasirikia mauaji ya mu vijiji. Yeye alikuwa anatoka ku masomo. Akabaomba njia. Alisema tu, 'Moyo, batoto, muniache nipite.' Mumoja akapaza sauti, 'Muko nasikia? Ni Patron Zumbu.'"

Valère aliinuka akafunga mlango.

"Bakamupandisha juu ya tairi. Bakamuambia aseme maneno yote ya ile filme, la sivyo hapiti. Bengine bakauliza kama ni yeye anafunga pumzi ya batu ya Beni, sababu hatoke huku kwetu."

"Balimupiga?"

"Hapana. Alisema. Balimufundisha maneno, akayasema, bakacheka, bakamuachilia. Mimi nilikuwa pale na viazi yangu." Victorine aliangalia mikono yake. "Mbele ya ile siku nilikuwa nacheka hiyo filme pia, Valère. Nilikuwa naambia batu: ni mudogo wangu anasema. Ile siku sikuambia mutu."

Alimweleza pia kwamba tangu siku ile Madame alikuwa hafungui kinywa darasani. Aliandika masomo ubaoni na kuonyesha kwa fimbo.

Valère alishuka Beni pamoja na Victorine aliporudi na viazi. Njia nzima alijaribu maneno atakayosema, na njia nzima yalimkimbia.

Madame Ngalula alikaa katika nyumba ya kupanga nyuma ya kanisa. Alipofungua mlango alimtazama, akamtambua, akamshika mashavu kwa viganja vyake. Alisema kwa kunong'ona, kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Valère. Yule wa kukwama. Ingia, ingia."

Alimpa kiti, akamwekea karanga. Akamuuliza habari za mama yake, kisha kazi.

"Natafsiri ma filme, Madame."

"Kwa kinywa?"

"Kwa kinywa."

Uso wake wote ulifunguka. "Kwa kinywa," alirudia. "Unaona? Mbele ya batu mingi?"

Hapo Valère akaelewa kwamba Madame hajui ni nani aliyemwigiza. Labda alidhani aliyeifanya filamu ile ni mtu wa mbali asiyemfahamu, aliyebahatika tu kuwa na sauti kama yake. Angeweza kula karanga, kushukuru, na kurudi Butembo. Aliifikiria njia hiyo vizuri kabisa, mpaka akaiona imenyooka mbele yake.

"Madame," alisema, "Pa-Pa-Patron Zu..."

Kigugumizi kilikuwa kimerudi. Madame alingoja. Hakumtajia neno wala hakugeuza uso, na kungoja kwake kulikuwa kubaya kuliko matusi.

"Ni mimi," alimaliza Valère.

Mama yule aliondoa mkono wake mezani. Nje wanakwaya walikuwa wanajaribu wimbo, wanaacha katikati, wanaanza tena.

"Maneno ile ulichagua, ama ilitoka yenyewe?"

"Mara ya kwanza ilitoka yenyewe. Mara ya pili nilichagua."

"Donc, basi, ya pili ni yako."

"Ndiyo, Madame."

"Huyo munyama, ile filme yenyewe sikuiona. Anafanya nini?"

Valère alimweleza habari ya hewa na bomba. Alijaribu kufupisha, lakini Madame alitaka yote.

"Mwisho anakufa?"

"Anakufa."

"Na batu banafurahi."

"Banapiga makofi."

"Anakufa akisema nini?"

Valère alitazama karanga. Madame aliinama kidogo, kama aliyekwisha kusikia jibu.

"Sitakusamehe leo," alisema. "Sitaki kukudanganya. Lakini kesho asubuhi utakuya ku darasa yangu. Utabaambia batoto ile umeniambia. Balinisikia mimi ndani ya munyama. Basikie wewe pia."

Asubuhi Valère alisimama mbele ya wanafunzi. Alipojitaja walilitambua jina lake, wakapiga kelele za furaha. Mmoja akamwomba aseme kidogo kama Patron. Alikataa. Akawaambia, akikwama na kuanza upya, kwamba sauti ile aliiiba kwa mwalimu wao, aliyemfundisha yeye kusema, na kwamba aliitia ndani ya jitu kwa sababu watu walicheka na yeye alipenda wacheke. Baadhi walicheka kigugumizi chake. Aliwaacha wacheke. Kicheko kilipokwisha walitazama madawati yao.

Madame Ngalula alichukua kitabu, akavuta pumzi, akaanza dictée, imla, kwa sauti yake yote nzito. Nyuma kabisa mtu alinguruma kama jitu. Madame alisita, akatazama upande huo, akarudia sentensi tangu mwanzo. Kalamu zikaanza kuandika, si zote.

Kwa Victorine, Valère alisaidia kupanga viazi, vikubwa juu.

"Balisikia?" dada aliuliza.

"Bamoja balisikia."

"Na Luc?"

"Nitamuambia aifute. Hatakubali. Hata akikubali, iko ndani ya simu za batu yote."

"Na kazi?"

"Sijue, yaya."

Victorine alimpa fungu lingine apange. Barabarani kijana alipita akiendesha moto, sauti ya Patron Zumbu ikitoka kwa nguvu katika simu mfukoni mwake. Valère alinyanyuka, akamkimbilia mpaka kwenye kona akipunga mkono ili aizime. Yule kijana hakusikia, akaenda zake.