Picha Moja ya Kasiva

"Nimesema hapana, Baba Mdogo. Mshumaa hauna pua."

"Watu wengi huweka mshumaa," Maingi alijibu. "Mshumaa na maua kidogo. Heshima tupu."

"Basi weka kwenye mazishi yako."

Maingi alikuwa mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na hakuzoea kujibiwa hivyo na Kamene, mtoto wa kaka yake. Alikuwa ameipakata fremu ya kioo yenye kingo za rangi ya dhahabu. Ndani yake alikwisha kutia mshumaa aliokata kwenye kalenda. Kesho asubuhi jeneza la dada yake, Kasiva, lingetoka mochari, na mbele ya jeneza lazima mtu atembee akibeba picha. Kasiva hakuwa na picha. Miaka yote aliyoishi Komarock alikuwa amepika katika kila harusi, kila ubatizo na kila matanga ya mtaa, na mpiga picha alipowapanga watu, yeye alikuwa nyuma ya nyumba na masufuria. Picha ya kitambulisho chake ilikuwa imelowa jasho na mafuta ya kupikia mpaka likabaki sikio moja.

"Muulize mwenyewe kama anataka uso wake uzungushwe barabarani," Maingi alisema, akaelekeza kidevu jikoni.

Kasiva alikuwa jikoni akichambua mchele. Alifariki Jumanne, na Jumatano alfajiri Kamene alimkuta ameketi kwenye kigoda chake cha siku zote, kwa kuwa kwenye nyumba ya matanga huja wageni, na wageni hula. Koki, bintiye Kamene, alimsalimia, akamruka miguu, akachukua maziwa yake. Tangu hapo watu walimpisha mlangoni kama zamani.

"Mimi sina neno," Kasiva alisema bila kuinua macho. "Hata mshumaa ni sawa. Kamene, yale masufuria makubwa yameoshwa?"

Kamene alikuwa amejaribu kumpiga picha hapo hapo jikoni. Aliazima kamera kwa jirani, akatia filamu mpya. Kila alipomlenga, sufuria ilifurika na Kasiva akainuka. Filamu iliposafishwa ilitoa kigoda, mvuke, na kifuniko kikiwa hewani. Aliyeisafisha alimwambia kuwa mwanga ulikuwa mzuri.

Ikabaki harusi ya Roseline, binti wa Maingi. Kasiva alipika siku ile tangu kabla ya jua mpaka viti vikarudishwa, na Kamene alikuwa na hakika kwamba mahali fulani alipita mbele ya kamera. Albamu yenyewe, ile ambayo kila mgeni wa Maingi alipewa aipekue wakati chai inachemka, iliharibika bomba lilipopasuka. Lakini kabla ya hapo Sylvance, karani wa reli aliyekuwa akikaa Tassia, alizipitisha picha zote kwenye skana na kuzichoma kwenye CD nyumbani kwake, iwe zawadi kwa maharusi.

Kompyuta ya Kamene ilikaa juu ya meza ya cherehani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alikuwa na diploma ya uhazili na hakuogopa mashine. Alitia CD aliyoazima kwa Roseline. Majina ya picha yakajipanga yote, lakini kila alipofungua moja alipata kijivu kitupu. Hakupiga kompyuta kofi, wala hakuipulizia. Aliitoa CD, akaipangusa, akajaribu tena. Aliipeleka ofisini, kisha kwenye kompyuta ya kanisa. Kijivu kile kile. Ndipo akaenda kwenye kibanda cha simu karibu na maduka, akampigia Sylvance.

"Sasa, Mama Koki," Sylvance alisema. "Pole na msiba. Hebu niambie, majina yanaonekana?"

"Yote. Hata uzito wa kila faili upo."

"Uliipangusa vile watu hupangusa sahani?"

"Kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa kitambaa cha pamba. Usinifanye mjinga."

"Mashine nyingine?"

"Mbili."

"Wewe ungekuwa reli, treni zingefika. Basi kosa ni langu. Niliichoma haraka na sikuifunga mwishoni. CD ya namna hiyo huelewana tu na mashine iliyoichoma. Ilete."

Kasiva alisema atamsindikiza. Akajifunga leso, akatia upawa wake kwenye kiondo, maana hakuwahi kwenda kwa watu mikono mitupu.

Katika chumba cha Sylvance mlikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na kompyuta. Sylvance alimkaribisha marehemu kitandani, akatia CD. Picha ya kwanza ilifunguka bila matata. Hema lilikuwepo, keki ilikuwepo, Roseline na mumewe walikuwepo, lakini wote walikuwa wamegeuka. Vilionekana visogo tu, safu baada ya safu, vimeelekea nyuma ya hema palipotoka moshi. Picha ya pili ikawa hivyo, na ya tatu.

Sylvance alikagua nyaya. "Mashine ni nzima," alisema. "Ni watu ndio hawajageuka."

"Hawajala," Kasiva alisema. Akasonya kidogo, akatoa upawa kwenye kiondo, akavua viatu. Aliinamisha kichwa ili asigonge ukingo wa kioo cha kompyuta, akaingia.

Kamene na Sylvance walivuta viti, wakatazama. Kutoka nyuma ya hema sahani zilianza kupita mkono kwa mkono. Kila aliyepata aligeuka, na uso wake ukatulia mbele yao. Kasiva hakuuliza mtu jina. Alimpa mzee asiye na meno nyama laini, akamwongezea mama mjamzito kabla hajaomba, na watoto waliojifanya hawajapata mara ya kwanza aliwapa mara ya pili. Wali haukumwagika. Kamene alikuwa ameona wakurugenzi wakishindwa kugawa chai kwenye mkutano wa watu kumi. Hapa palikuwa na mtaa mzima, na hakuna aliyelalamika.

"Shangazi!" aliita karibu na kioo. "Njoo usimame hapa katikati. Mara moja tu, jamani."

"Na hawa wa nyuma atawapa nani?"

Picha zilipita moja baada ya nyingine. Kulikuwa na nyuso za kila mtu, zimeshiba, zinacheka. Ya Kasiva haikuwemo. Katika ile ya mwisho ulionekana mkono wake pembeni, umetokeza kutoka nje ya picha, umeshika upawa uliojaa. Kidole gumba kilikuwa na kovu la moto, na kwenye kifundo palikuwa na bangili ya shaba.

"Simama hapo," Kamene alimwambia Sylvance. "Chapisha."

Walimngoja Kasiva. Alipokosa kutokea, Kamene alichukua viatu vyake na kiondo akarudi Komarock, na karatasi ikiwa bado ina joto la printa.

Maingi aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Huu ni mkono."

"Ndiyo."

"Watu watauliza ni nani."

Nyongesa, dereva wa nyumba ya jirani, alikuwa ameketi mlangoni. Alinyoosha shingo akaona, kisha akavua kofia. "Kasiva," alisema. Akina mama waliokuwa wakimenya viazi nje wakaja wakifuta mikono, na kila mmoja akalitaja jina hilo hilo kabla hajafika karibu. Hakuna aliyeuliza uso uko wapi. Maingi mwenyewe, angeulizwa siku hiyo macho ya dada yake yalikuwa ya rangi gani, asingejua. Lakini bangili aliijua.

Kamene alifungua mgongo wa fremu, akautoa mshumaa, akatia picha ya mkono.

Uani, mpiga picha aliyeitwa na kamati alipiga makofi. "Familia! Familia tupangane kabla jua halijaondoka!"

Wanaume walivuta viti wakaketi mbele. Maingi alichukua kiti cha katikati, kisha akageuza kichwa. Jikoni kigoda kilikuwa kitupu na mchele ulikuwa nusu umechambuliwa.

"Kamene, mama," aliita, sasa kwa upole. "Wageni hawajala. Hebu angalia huko nyuma, sisi tumalize hapa."

Kamene alichukua upawa mwingine ukutani. Akauangalia, akaiangalia fremu. Akatoka uani, akauweka upawa kwenye kiganja cha Maingi, akasimama katikati ya safu na fremu kifuani.

Maingi hakupata hata muda wa kuhisi uzito wake. Roseline aliuchukua mkononi mwa baba yake akipita, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka, akaenda nyuma ya nyumba.

"Sogeeni kidogo," mpiga picha alisema, na kamera ikalia.