Mikono ya Kushushia Watu

Idi mosi, baada ya alasiri, bembea kubwa ya kuzunguka pale Kunduchi ilikohoa ikasimama, kama ilivyosimama Idi iliyopita. Mwanaasha aliacha kukata tiketi, akafunga kidirisha, akaenda kumsaidia Nikodemu, mwendesha bembea, kushusha watu. Gia ilikuwa imeisha meno na kila mfanyakazi alijua. Bwana Talha, mwenye uwanja, alisema spea iko njiani.

Nikodemu alipanda ngazi akateremsha wa chini: watoto na maputo yao, na kijana mmoja aliyekuwa ametapika pilau yote. Ngazi ikaishia hapo. Wa juu hushushwa kwa kamba, Nikodemu akiwa amewakumbatia.

Kwenye kikapu cha juu kabisa walikaa Bi Salma na mjukuu wake. Mjukuu akashuka. Bi Salma akakataa.

"Mie nina udhu," alisema kutoka huko juu. "Sikumbatiwi na mwanamume asiye maharimu yangu, halafu nikatawadhe upya kwa maji yenu ya pipa."

Nikodemu akamjibu kwamba hata yeye ana mke nyumbani, hana shida ya kukumbatia. Watu wakacheka. Bi Salma akamwambia ashuke na jasho lake.

Mwanaasha hakupenda kusema mbele ya watu. Alinyoosha tu mikono juu, kwa adabu, kama anayempokea mgeni mzigo. Mikono ikaenda. Ikapita ngazi, ikapita taa za rangi, bangili zikilia njia nzima, ikafika kwenye kikapu.

"Umenawa?" Bi Salma aliuliza.

"Nimenawa, bibi."

Basi akakaa kwenye viganja, akashushwa taratibu, akaiwahi magharibi na udhu wake.

Mikono ilirudi, ila haikurudi yote. Viganja vilibaki usawa wa magoti. Mama yake akaunga mikono ya gauni kwa pazia la zamani, na jirani akaja kuomba atolewe kandambili iliyokwama juu ya bati.

Idi pili bembea ikasimama tena. Safari hii hata wanaume walimtaka Mwanaasha, wakidai kamba inabana. Usiku alipokula, tonge lilipita mdomo wake likaingia kwa kaka yake Jabiri, ambaye alishukuru. Mwanaasha akalala na njaa. Akaona kwamba gia isipotengenezwa, hatajilisha tena mwenyewe.

Asubuhi alikwenda ofisini akirudiarudia maneno njiani.

"Shikamoo, bosi. Naomba gia itengenezwe. Mikono yangu hairudi."

Bwana Talha alimsikiliza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumsikiliza. Akampa pole. Akatoa futi ya fundi cherehani, akampima kuanzia begani hadi kidoleni, akaandika. Mwanaasha alitoka amefurahi.

Jumamosi gia ilikuwa ileile. Ngazi haikuwepo, ilikodishwa kwa wapaka rangi. Kwenye msumari wa kibanda cha tiketi ilining'inia sare mpya ya buluu, imeshonwa vizuri, mikono yake imekunjwa mara nyingi ili iwe na nafasi ya kukua.

"Angalau wewe umekumbukwa, sista," Nikodemu alisema. "Mie buti halina soli."

Mwanaasha akaivaa. Ilimkaa. Bi Salma alikuwa wa kwanza kwenye foleni, ameshatawadha.

Alasiri bembea ikakohoa. Mwanaasha akafunga kidirisha, akakunjua mkunjo wa kwanza.