Maji Matamu ya Kusuuzia

Zilipobaki wiki mbili Phelister arudi kazini, kitu kilichomnyima usingizi hakikuwa kazi. Kilikuwa chupa ya mtoto.

Alikuwa akishona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na kiwandani hakuna mahali pa kuweka mtoto. Kate, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na miezi mitatu na mashavu ambayo kila mtu kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga alitaka kuyabonyeza. Angeachwa kwa Mama Kyalo, mama wa makamo aliyelea watoto wa majirani pale Njiru, na angekunywa maziwa ya mkebe. Lakini Phelister alikuwa amesikia habari za chupa. Mwenzake kazini alizika mtoto, wakasema ni uchafu wa chupa, na tangu siku hiyo Phelister hakuweza kutazama chupa bila kuona wadudu wakitembea ndani, wadogo wasioonekana, wanamngoja Kate wake peke yake.

"Mwanangu, achana na hizo chupa," Mama Kyalo alimwambia. "Mtoto ananyweshwa na kikombe na kijiko. Kikombe hakina kona. Ukikiosha unaona umeosha."

"Mama, hiyo ni ya zamani. Atamwagikiwa."

"Akimwagikiwa si nitampangusa? Kwani tunakimbilia wapi?"

Phelister alicheka kwa heshima. Moyoni alikuwa ameshakata shauri. Atanunua steralaiza, ile mashine ya kuua viini kwenye chupa, na mtoto wake hataguswa na kitu.

Jumamosi akaenda Donholm na mumewe, Caleb, kwenye duka la vitu vya watoto la kijana mmoja anaitwa Muturi. Muturi alikuwa na mdomo mtamu, na alizipanga steralaiza juu ya kaunta kama mtu anayepanga wachezaji wa mpira.

"Hii ni ya kuwekwa ndani ya maikrowevu," alisema.

"Maikrowevu tuko nayo wapi?" Caleb akauliza. "Ama twende tumwazime landilodi yake?"

"Basi kuna hizi tembe. Unatia moja kwa maji baridi, chupa inalala humo nusu saa, imetoka safi."

Phelister aliinusa tembe, akakunja uso. Ilinuka kama dawa ya kufulia nguo nyeupe. "Mtoto anywe dawa ya kufua? Rudisha."

"Sasa madam, naona wewe unataka baba yao." Muturi akashusha boksi kubwa kutoka juu. "Hii ni ya stima. Unaweka maji kidogo hapa chini, unafinya, mvuke unapanda. Taa ikizima, kila kitu ndani kimekufa."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Isipokuwa chupa yenyewe."

Caleb alicheka. Phelister hakucheka. Aliuliza tena kama inaua kweli, akauliza mara ya tatu, na mara zote tatu Muturi aliapa. Alichosahau kuuliza ni mtu afanye nini na chupa baada ya taa kuzima. Na Muturi hakumwambia. Labda hakujua, labda ni kwa sababu wateja wengine walikuwa wamefika mlangoni.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, herufi kama chungu wadogo. Phelister aliishia darasa la nane, na Kiingereza cha namna ile hakikuwa chake. Alitazama picha. Picha moja ilikuwa na mfereji wa maji uliokatwa kwa mstari mwekundu.

"Hiyo inasema usioshe mashine kwa mfereji, stima itakurusha," Caleb alieleza, na ikaeleweka hivyo.

Siku ya kwanza taa ilipozima, Phelister alifunua mfuniko kwa furaha, mara furaha ikamkauka. Ndani ya chupa zote kulikuwa na unga mweupe.

"Baba Kate! Njoo uone!"

Caleb akaja, akapitisha kidole, akaramba. "Chumvi. Ni haya maji yetu."

"Chumvi, kwa mtoto wa miezi mitatu? Unataka nimuue?"

Anayekaa upande ule anajua. Maji ni ya aina mbili. Kuna ya mfereji wa ploti, ya chumvi, ya choo na kufua, yanayokataa sabuni na kuacha gamba kwenye sufuria. Halafu kuna matamu, yanayoletwa na mkokoteni ndani ya mitungi ya manjano, ya chai na ya kunywa. Hakuna anayeuliza yametolewa wapi. Ukishasema ni matamu, umemaliza maneno.

Kwa hiyo Phelister akafanya kile ambacho wanawake wote wa pale hufanya na kitu kilichoharibiwa na maji ya chumvi. Alichota maji matamu kwenye mtungi kwa kikombe, akasuuza chupa moja moja mpaka zikang'aa. Ya kukorogea maziwa aliyachemsha na kuyatia kwenye thamosi, maana mkebe ulisema hivyo kwa Kiswahili. Lakini kusuuza ni kusuuza tu. Nani huchemsha maji ya kusuuzia?

Basi ikawa kila alfajiri mashine inanguruma, taa inazima, chupa zinasuuzwa, zinafungwa kwenye kitambaa safi na kupelekwa kwa Mama Kyalo. Wiki tatu zikapita vizuri. Kazini Phelister alishona kola huku akisimulia mashine yake mpaka wenzake wakamwita Daktari.

Jumanne ya wiki ya nne simu ililia. "Mama Kate," sauti ya Mama Kyalo ilikuwa ndogo, "mtoto ameharisha mara nne tangu ulipoondoka. Nampa ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini kwa kijiko lakini anairudisha. Acha hiyo kazi, uje."

Aliporudi alimkuta Kate amelegea, macho yameingia ndani, utosi umezama kama mtu ameubonyeza na kidole. Hakulia alipochukuliwa. Hilo ndilo lilimwogopesha Phelister zaidi, maana Kate alikuwa mtoto wa kulia.

Hospitalini walimtundikia maji ya mshipa. Caleb akatumwa kutafuta dawa ambayo haikuwepo, na daktari, msichana mdogo mwenye miwani, akaketi na Phelister kwenye benchi.

"Mama, nieleze unavyoandaa maziwa. Pole pole, usiruke kitu."

Phelister alijikaza. Kwa jambo hili hakuwa na hofu, alikuwa na majibu. "Naosha na sabuni. Naweka kwa steralaiza, ya stima, hata si ya bei rahisi. Taa inazima. Nasuuza. Halafu..."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Unasuuza baada ya mashine?"

"Ndiyo. Kuna unga wa chumvi."

"Unasuuza na maji gani?"

"Matamu, daktari! Siwezi kumsuuzia mtoto na ya chumvi."

"Umeyachemsha?"

"Ni matamu," Phelister alisema tena, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni.

Daktari alivua miwani. "Mama, ni matamu ama ni safi?"

Phelister aligeuka akatazama kitanda cha Kate.

"Huyu ni mtoto wa tano kutoka upande wenu wiki hii," daktari akasema. Hakumkaripia, na afadhali angemkaripia. "Mahali fulani bomba la hayo maji matamu limepasuka na maji taka yanaingia. Mashine yako ilifanya kazi yake. Ule unga hauna shida, ungeuacha. Ama ungesuuza na yale ya thamosi."

Ya thamosi. Yalikuwa pale pale mezani, siku zote, hatua mbili kutoka mkono wake.

Kate alikaa siku mbili. Alhamisi asubuhi, wakati chai inagawiwa wodini, muuguzi alimgusa, akamgusa tena, halafu akavuta pazia. Phelister aliketi na blauzi imelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe, na hayakuwa na wa kuyanywa.

Nyumbani watu walijaa. Awuor, dada mkubwa wa Caleb, alikuja kutoka Donholm, na hata kabla hajakalia kiti alianza.

"Mimi nilisema. Mtoto wa kwanza, unampeleka kwa mwanamke wa ploti, watoto wanane wanamshikashika? Huyo mama ahame. Ahame kabla hajamaliza wengine!"

Wanawake waliguna kukubali. Wawili walikuwa wameshaondoa watoto wao kwake. Mama Kyalo mwenyewe alikuwa mlangoni kwenye kigoda, shuka kichwani, na alisema neno moja tu: "Nilimpa vile nilivyoletewa."

Caleb alitazama sakafu. Hakuwepo daktari alipouliza, na Phelister hakuwa amemwambia. Hakuna aliyejua. Angenyamaza tu, na jambo lingeisha hivyo, lingebebwa na yule mama wa kigoda mpaka mwisho wa maisha yake.

"Wifi, ngoja kidogo," Phelister alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kulia. "Si yeye. Ni mimi."

"Mwache, ni uchungu unaongea," mtu mmoja akanong'ona.

"Si uchungu. Nisikilizeni." Akawaeleza kama alivyomweleza daktari, hatua kwa hatua. Sabuni. Mashine. Taa. Unga mweupe. Kusuuza.

"Na maji gani?" Awuor akauliza.

"Matamu."

"Si hayo ndiyo sisi wote tunakunywa?"

"Sisi wakubwa, Awuor. Yeye alikuwa na miezi minne."

Caleb aliinua uso akamtazama mkewe. Hakumgusa, na Phelister hakujua kama siku moja atamgusa tena.

Karibu na dirisha alikuwa ameketi Wakiuru wa nyumba namba saba, na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Alisimama bila kuaga mtu. Akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka, na baada ya kidogo wakasikia maji yakimwagwa kwenye mtaro wa nje, mtungi mzima, halafu mwingine.

Akina mama wengine walikuwa bado wameketi, wamemkazia macho Phelister, na kwenye nyuso mbili tatu aliona kwamba hawajaelewa. Basi akapangusa kamasi kwa upindo wa leso, akaanza tena kutoka mwanzo.