Njia ya Nyuma ya Maduka

Kina mama wenye mabinti kama wangu, haya nawaandikia nyinyi.

Kitindamimba wangu haoni tangu utotoni. Kazi yake kufuma masweta, na vipimo huvichukua kwa viganja: bega kwa bega, shingo, mkono. Ndivyo alivyompata fundi saa. Jamaa alikuja kupimwa, akarudi kusema sweta linambana, akarudi tena kusema linampwaya. Mimi pembeni nachambua mchele.

"Mama, huo mchele hauna mawe tena," binti akaniambia. "Nenda kapumzike."

Sikwenda. Majirani walikwisha sema, kipofu naye aolewe ampikie nani? Lakini nyumba ilikuwa imebadilika. Mchana ulikuwa kama unaelea. Nyuzi zilitambaa sakafuni kwa upepo, naye akitabasamu peke yake. Akaniambia siku hizi anaota rangi.

"Rangi ya fundi ikoje?"

"Kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi."

Jumapili moja fundi akasema anampeleka kwa mama yake, wajuane. Nilimpaka mafuta, nikamfunga kilemba. Wakatoka wameshikana mikono. Moyo ukanikataa kubaki; nikavua viatu nisisikike, nikawafuata.

Njia kuu inapita mbele ya maduka, penye mashine ya kusaga na watu wote. Kufika kona, fundi akamwingiza uchochoro wa nyuma. Huko shuka zimeanikwa ukuta hadi ukuta, mwanga unapenya mweupe kama maziwa, na wale wawili wakawa wanapotea na kuonekana, wanapotea na kuonekana. Nikajiambia, labda mapenzi yenyewe ndiyo haya.

"Mbona sisikii mashine?" binti akauliza.

"Leo wamefunga."

Ng'ambo ya ukuta mashine ikanguruma.

Binti akasimama. "Wamefunga huku wanasaga?"

"Huku kuna kivuli, mpenzi. Jua kali, nimekuonea huruma."

"Jua nalipenda. Wewe unaogopa nini?"

"Watu wana maneno. Ngoja kwanza wakuzoee."

"Watanizoeaje wasiponiona?"

Binti akautoa mkono wake taratibu, kama anavyochomoa uzi usikatike.

"Mimi napita mbele. Ukitaka, njoo." Kisha akageuza uso. "Na wewe mama, toka huko kwenye shuka. Pumzi yako naijua."

Tukatokea barabarani wawili tu, vumbi la unga likitutulia vichwani. Alitembea akilia, huku anaitikia salamu za watu. Nikainua khanga nimfute.

"Acha, mama. Usinifiche na wewe."

Kwa hiyo nawaonya: mwanamume akimsifu binti yako sebuleni, msikilize, lakini kaangalie anampitisha njia gani.

Fundi hajaja bado. Mimi naomba asije. Mwenzangu kila mlango ukigongwa anaacha kufuma, anasikiliza.