Chakula cha Namba Tisa

Jumanne saa kumi na dakika kumi alasiri, gari la supamaketi liliingia uani kinyumenyume, likilia pi-pi-pi, na Haika akaacha kumenya viazi. Alizima jiko, akapangusa mikono kwenye kanga, akasimama dirishani. Jengo lao, huko ughaibuni Barking, lilikuwa limekunjika kama kiwiko. Wao walikaa upande wa kushoto, ghorofa ya tatu. Ng'ambo ya ua, juu ya mapipa ya taka, dirisha la jiko la namba tisa lilitazamana na lake.

Dereva aliteremsha kreti sita. Haika alizihesabu zikiwa hewani, akazihesabu tena zilipotua. Mchele, mfuko wa kilo kumi. Kuku watatu. Mafuta, dumu la lita tano. Vitunguu, mfuko mzima wa wavu. Ndizi mbichi, Mungu ajuaye wamezipata wapi.

"Kreti sita," alisema.

"Wanakula," alijibu mumewe, Deus, kutoka mezani.

"Ni watu wawili, Deus. Na Ijumaa zilikuwa saba."

"Basi leo wamefunga."

Haika hakucheka. Ulikuwa mwezi wa pili wa lockdown ya korona, na figo za Deus zilikuwa zimeacha kazi tangu mwaka uliotangulia. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, akarudi amechoka kama mtu aliyebeba matofali. Daktari alikuwa amesema kwamba watu wa aina yake wangetumiwa barua. Mwenye barua alitakiwa asitoke nje, na supamaketi zilimpa nafasi ya kuletewa chakula kabla ya watu wengine wote. Barua haikuwa imefika. Haika aliingia kwenye tovuti alfajiri, akaingia saa sita, akaingia akiwa chooni kazini, na kila mara aliambiwa nafasi zimekwisha.

Kwa hiyo alitoka. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na akimaliza zamu alipanga foleni ya supamaketi, mita mbili kutoka kwa mtu hadi mtu, ili akute rafu zilizobakiwa na siki na karatasi za kufungia keki. Akifika nyumbani alivua nguo mlangoni na kuoga kabla ya kusalimia. Alilala sebuleni. Kila mfuko alioupandisha ngazini aliutazama akijiuliza kama ndani yake kulikuwa na mayai tu, au alikuwa amembebea Deus na jambo lingine.

Shingo ya Haika ilianza kurefuka mwezi wa Aprili. Kila gari lililoingia uani liliiongezea kidogo, kwa sababu Haika alilazimika kuchungulia. Gari la Harjit wa ghorofa ya kwanza, aliyeletewa unga wa magunia, liliongeza nusu shubiri. Gari la namba tisa liliongeza shubiri nzima, na siku za kuku mkono mzima. Mwanzoni kola za mashati zilikataa kufunga. Baadaye akajifunza kuizungusha shingo mabegani, mizunguko mitatu, kama mpira wa kumwagilia bustani, na kuifunga kwa kitenge ili isipate baridi.

Alimpigia daktari. Daktari aliuliza kama ana kikohozi.

"Hapana."

"Homa?"

"Hapana. Ni shingo tu."

"Basi kaa nyumbani, na ukipata homa utupigie."

Kazini msimamizi alimtafutia barakoa yenye kamba ndefu, na wazee wakampenda zaidi, kwa kuwa aliweza kuwasalimia kupitia madirisha ya juu bila kuingia vyumbani. Deus alisema angalau sasa balbu ya ngazini itabadilishwa.

Kitu kilichomuuma Haika hakikuwa shingo. Kilikuwa namba tisa. Aliwajua kwa mbali: Valeria na mumewe Ambrose, dereva wa basi, Wahaya kama Deus, waliohamia mwaka uliopita kutoka mtaa wa Hayes. Walikuwa wamesalimiana kanisani mara tatu au nne kabla kanisa halijafungwa. Ambrose hakuonekana tena dirishani, na Haika aliona ni jambo la kawaida kwa mtu anayeshiba kiasi kile. Hata mbweha wa uani, waliokuwa wakipita wamekonda kama vibanio vya nguo, walikuwa wamenenepa na manyoya yao yaking'aa. Hayo ni mabaki tu, Haika alijiambia. Wanatupa mabaki, na mimi nagombania yai.

Jioni moja aliandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha Watanzania wa mtaa wao: "Ndugu zangu, tuhurumiane. Wengine tuna wagonjwa na hatujapata hata nafasi moja. Wengine watu wawili tu wanaletewa chakula cha harusi mara mbili kwa wiki. Sitaji jina." Baada ya dakika moja akaongeza: "Namba tisa."

Watu kumi na tisa waliweka alama ya mikono inayosali. Namba tisa hawakujibu. Alama za buluu zilionyesha kwamba wamesoma.

Ijumaa ya kwanza ya Juni lilikuja gari lenye kreti nane. Haika alitazama ya mwisho ikipandishwa ngazini, akahisi shingo inateleza mbele yenyewe, na safari hii haikusimama. Alifungua kitenge. Kichwa kikatoka dirishani, kikaanza kuvuka ua.

Harjit alikuwa chini akianika. "Pita juu kidogo, mpenzi," alisema. "Hizi shuka ndiyo kwanza zimetoka kwenye mashine."

Haika akapita juu kidogo. Njiani alipanga maneno yake. Angeanza kwa samahani, halafu angesema kwamba kuna mtu hapo mkabala ambaye maisha yake yanategemea mchele mweupe na mayai, halafu angeuliza, kwa upole, tumbo la binadamu lina ukubwa gani. Dirisha la namba tisa lilikuwa wazi kwa sababu ya mvuke. Aliingiza kichwa.

Kwenye jiko kulikuwa na sufuria kubwa lililokalia mafiga mawili ya umeme kwa mpigo. Mezani kulikuwa na sahani kumi na nne, zimepangwa mbili mbili. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Makochi yalikuwa yamesogezwa ukutani, na sakafuni kulikuwa kumetandikwa mikeka na godoro. Juu ya friji, picha ya Ambrose katika sare ya kazi ilitazama mshumaa uliofika nusu.

Haika hakuwa na haja ya kuuliza. Makochi hayasogezwi ukutani kwa sababu nyingine.

Valeria alikuwa amefunga kanga kiunoni, akikoroga. Aligeuka, akauona uso wa Haika karibu na bomba la maji, akapunguza moto.

"Karibu," alisema. "Umechelewa, lakini karibu."

"Pole, dada."

"Asante, mdogo wangu. Wewe ndiye wa kwanza."

"Lini?"

"Tarehe tisa Aprili. Hospitalini. Mazikoni tuliruhusiwa watu kumi, tukafika watatu, na mmoja alikuwa dereva wa gari la maiti." Alifunika sufuria. "Nililia siku tatu. Nilisimama hapo hapo ulipo, nikalia kwa sauti, ili jirani asikie aje, aite wengine. Hamkuja."

Haika alikitazama kioo kando ya sikio lake. Kilikuwa cha tabaka mbili. Mwenye jengo alikuwa amebadilisha madirisha yote majira ya baridi yaliyopita, na barua yake ilieleza vizuri jinsi yatakavyozuia baridi isiingie. Haikueleza yangezuia nini kutoka.

"Kwa nini hukupiga simu, dada?"

Valeria alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumtumia jirani barua ya posta. "Jirani hapigiwi simu ya msiba. Mfiwa analia, jirani anatangaza. Nikianza mimi kutangaza, nani atalia?" Akaongeza: "Nilijua mmesikia, mnaogopa. Kuogopa ni haki yenu. Nikasema nitapika tu, siku mkija msikute sufuria tupu. Na sufuria la msiba huwezi kulipika dogo. Nimejaribu. Mkono unakataa."

"Na chakula chote?"

"Friji ikijaa nawapelekea mbweha. Wanakuja wanne. Wanakaa kwa heshima, siwezi kusema uongo."

Sufuria lilitokota. Haika alitafuta la kusema kuhusu ujumbe wake, lakini Valeria akamtangulia.

"Uliyoandika kwenye kikundi niliyasoma."

"Dada, nisamehe."

"Ulisema watu wawili." Valeria alipangusa kijiko kwa kanga, pande zote, taratibu. "Nilifurahi. Tangu siku ile hakuna mwingine aliyetuhesabu wawili."

Machozi yalimtoka Haika, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa ng'ambo ya ua, Valeria ndiye aliyempangusa kwa pembe ya kanga.

Hapo ndipo Haika alipoiona barua. Ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku ya umbo la nanasi. Alijua kwamba mtu mwema angeendelea kuitazama picha ya marehemu. Yeye aliitazama barua. "Mpendwa Ambrose," ilisema, "kwa sababu ya hali ya mapafu yako, unatakiwa kubaki nyumbani kwa wiki kumi na mbili. Usitoke kwa sababu yoyote." Chini yake kulikuwa na namba ya kuingizia kwenye tovuti za supamaketi. Barua ilikuwa imeandikwa tarehe ishirini na saba Aprili. Namba ilikuwa na tarakimu kumi, na Haika alizisoma zote. Shingo ikaongezeka kidole kimoja, humo humo ndani ya nyumba ya msiba.

Valeria aliona. "Chukua, kama unaweza kuitumia," alisema. "Niliwapigia mara mbili kuwaambia. Wamesema mgonjwa mwenyewe ndiye anayeruhusiwa kujiondoa kwenye orodha. Apige yeye."

"Sisi wametuambia mgonjwa mwenyewe asubiri."

"Ya Deus haijaja?"

"Haijaja."

"Anakula nini?"

"Mchele mweupe. Mayai. Kabichi. Ndizi amekatazwa, labda moja kwa wiki, tena ichemshwe maji mawili."

"Mhaya akatazwe ndizi," alisema Valeria, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatikisa kichwa kwa huruma. "Ningemtuma mtu... hapana, sina wa kutuma. Nitaagiza mwenyewe. Kreti mbili zitashushwa kwenye ngazi zenu. Sasa kula."

Akapakua sahani moja. Akamega tonge la ndizi na nyama, akalipoza kwa pumzi, akalitia kinywani mwa Haika. Kwa kawaida wageni ndio wanaombembeleza mfiwa ale, lakini mikono ya wageni haikuwapo. Haika alitafuna. Chakula kilichukua muda kufika. Kilivuka ua polepole, kikapita juu ya shuka za Harjit, na Deus, aliyekuwa amesimama nyuma ya mke wake, alikiona kikiingia dirishani na kushuka.

"Ni ndizi hizo?" aliuliza Deus.

Haika hakumsikia. Alikuwa mbali.

Tangu siku hiyo alihudhuria msiba kila Jumanne na Ijumaa. Mtu mmoja wa jengo alilalamika, na afisa akaja na utepe wa kupimia. Alipima kutoka miguu ya Haika hadi miguu ya Valeria, akapata mita tisa na nusu, akaandika kwamba kanuni zimefuatwa. Watanzania wa kikundi walituma pole. Wengine waliahidi kuja mambo yakitulia. Haika ndiye aliyewatangazia, kama inavyotakiwa.

Deus alianza kula kwa jina la Ambrose. Mayai yalikuja kwa jina la Ambrose, na kabichi, na mchele mweupe. Dereva aliweka kreti chini, akarudi nyuma hatua nne, akauliza, "Ambrose?" na Valeria akajibu "Ndiyo" kupitia dirishani. Haika hakupanga foleni tena. Alibaki na hatari moja tu ya kumletea mumewe, ile ya kazini, na hiyo aliendelea kuivulia nguo mlangoni. Sebuleni alilala vilevile. Kila asubuhi aliteremka kwenye masanduku ya barua, akafungua la kwao, akakuta matangazo ya piza.

Ijumaa moja mwishoni mwa Juni, Valeria alikuwa anamega tonge la tatu simu yake ilipolia mezani. Ujumbe uliandikiwa marehemu. Valeria aliisogeza simu karibu na uso wa Haika, kwa kuwa miwani yake mwenyewe ilikuwa imepata ukungu wa mvuke.

"Ambrose," Haika akasoma kwa sauti, "asante kwa kubaki nyumbani. Umefanya vizuri sana. Muda wako wa kuletewa chakula umeongezwa."

"Amefanya vizuri," alikubali Valeria, akamtia tonge.

Haika aliusoma ujumbe tena, kimya, akitafuna. Ng'ambo ya ua, Deus aliona mabega ya mke wake yanasogea nyuma na shingo inatafuta nafasi. Akaweka kando sahani yake ya mchele mweupe, akainuka kwa kushika meza, akaenda kulifungua dirisha zaidi.