Biskuti za Bila

Daktari aliposema sukari na presha ya mama vimepanda, mimi ndiye niliyebebeshwa kazi ya kumnunulia chakula. Dada yangu mkubwa yeye hukosoa tu, tena kwa simu. Dukani nikaona pakiti nyeupe ya biskuti: BILA SUKARI. BILA CHUMVI. BILA MAFUTA. Kila nilipoisoma hiyo "bila", niliona ugonjwa mmoja unafungasha virago. Nikanunua.

Mama alizipenda. Na kwa kuwa hazina madhara, nani angempimia? Alikula asubuhi, alikula mchana, wali akausukuma pembeni. Presha ikashuka, daktari akampongeza, nami nikavimba kichwa.

Niliporudi dukani, pakiti ilikuwa imeongezwa maneno: BILA RANGI. BILA HARUFU. BILA UZITO. Watu walikuwa wanazigombania.

"Beba nyingi, dada," mama mmoja mnene aliniambia. "Hiyo ya uzito ndiyo niliyokuwa naitafuta."

Nikajaza kikapu.

Nyumbani, kandambili za mama zikaacha kulia sakafuni. Nilikuwa nikigeuka jikoni namkuta nyuma yangu, anatabasamu. Shuka lake asubuhi halikuwa na mkunjo hata mmoja. Nikajiambia, si amepungua tu? Si ndicho tulichokuwa tunakitaka? Mpenda chongo huita kengeza.

Siku dada alipokuja, alimkumbatia mama mlangoni, kisha akanivutia jikoni.

"Unamlisha nini mama?"

Nikamwonyesha pakiti na kumsomea zile bila zote, tena kwa maringo.

"Hayo ni yasiyokuwemo," alisema. "Kilichomo ni nini?"

Nikaigeuza pakiti. Nyuma palikuwa peupe. Nikatoa biskuti moja nikaibana, vidole vyangu vikakutana katikati yake, na biskuti ikabaki nzima. Miezi yote ile sikuwahi kuuliza.

"Pika uji!" dada alifoka. "Tia maziwa, tia sukari, tia siagi! Presha tutapambana nayo baadaye!"

Nikapika mzito kabisa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mpole, mikono mapajani. Nikampulizia kijiko cha kwanza, akafungua mdomo, akameza. Cha pili akameza. Dada akaanza kulia kwa furaha, na mimi pia. Tukamlisha hadi nusu bakuli, tukimwita mama, mama, naye anaitikia kwa kichwa.

Nikainama kumfuta kidevu. Kilikuwa kikavu. Uji wote ulikuwa umetuama juu ya kiti, pale alipokaa, na ulikuwa unadondoka sakafuni polepole, bado unafuka moshi.

"Mtamu, mwanangu," mama alisema. "Niongeze."

Dada alinitazama. Nikachota kijiko kingine, nikampulizia.