Mistari Niliyoikata

Mkuu wetu wa shule, Tian, ana ugonjwa mmoja: hasomi anachokipigia muhuri. Ukimpelekea karatasi anauliza tu, "Nipige wapi?" Kwa hiyo Pan Yuezhen alipomwomba barua ya kumdhamini apate ufadhili wa shahada ya uzamili Uingereza, Mkuu hakuinua hata macho kutoka kwenye chai yake.

"Kiingereza mimi nakijulia wapi? Andika mwenyewe, niletee nipige muhuri."

Wala hakuwa amekosea, kwa desturi yetu huku milimani Guizhou, China. Barua ya sifa unajiandikia, mkubwa anapiga muhuri. Tabu ni kwamba mtu aliyelelewa vizuri hawezi kujisifu.

Pan alijitahidi. Aliandika ukurasa mzima, akaniletea niusahihishe, maana mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza mkongwe hapa na dawati langu linatazamana na lake, mwaka wa tisa sasa. Nikachukua kalamu nyekundu. Alipoandika kwamba ameanzisha usomaji wa jioni bwenini kwa watoto ambao wazazi wao wako mbali, wanafanya kazi viwandani Guangdong, nikakata. Alipoandika kwamba alipanda mlima kwenye theluji kumrudisha binti aliyeachishwa shule, nikakata. Maneno "mwalimu bora" niliyakata mara mbili.

"Dada Luo, si utabaki mfupa mtupu?"

"Kizuri chajiuza, mdogo wangu. Kibaya ndicho chajitembeza. Unataka wakuone mwenye majivuno?"

Basi ikabaki hivi: Mwalimu Pan anafika kazini kwa wakati. Uwezo wake ni wa kawaida lakini anajitahidi. Hajaleta matatizo. Bado ana mengi ya kujifunza. Mkuu akapiga muhuri, pwaa! Tukatuma.

Niseme kilichokuwa kinatuhangaisha. Ufadhili ule hauchukui mtu aliyepita miaka thelathini na tano, na Pan anatimiza thelathini na sita mwezi wa kumi na mbili. Akikosa mwaka huu, ndiyo basi tena. Mimi yalinikuta hayohayo. Niliomba mara mbili, nikakataliwa mara mbili, umri ukanipita. Sasa nina arobaini na saba na sijawahi kupanda ndege.

Usaili ulikuwa Jumatano saa kumi alasiri, kwa kompyuta, ofisini kwetu. Tangu asubuhi Pan hakula. Tambi zake za mchele zilipoa mpaka zikashikana bakulini.

"Dada, usitoke. Kaa humu humu, ila wasikuone," akaniambia. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kabisa. Nikakaa nyuma ya kompyuta, roho mkononi.

Wasaili walikuwa wawili: Bi. Rosalind, mama wa mvi, na Dakta Collins, kijana mwenye miwani aliyeshika makaratasi. Kwa robo saa mambo yalikwenda vizuri. Kisha Collins akainua karatasi moja.

"Mwalimu Pan, barua ya mkuu wako inanitatiza. Waombaji wengine wote wakuu wao wanawaita mabingwa. Wako anasema wewe ni wa kawaida. Mna ugomvi?"

Mama yangu, nimemuua mtoto wa watu kwa kalamu.

"Hatuna ugomvi," Pan akasema kwa sauti ndogo.

"Yupo karibu? Tungependa kumsikia."

Nilitoka mbio. Nikamkuta Mkuu uwanjani anawafokea wanafunzi.

"Mkuu, njoo! Mambo yameharibika!"

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Njoo uwaambie Wazungu uzuri wa Pan, sasa hivi!"

Akaja anahema, nami nikarudi nyuma ya kompyuta; akajibwaga kitini kando ya Pan, akaanza kwa Kichina chetu cha huku milimani, bila hata salamu.

"Huyu? Mwambie huyo kijana hivi: miaka ishirini na sita nimekuwa mkuu, sijapata mwalimu kama huyu. Bweni zima linasoma kwa ajili yake. Alimfuata binti wa akina Wei kwenye theluji, mwendo wa saa tatu kwa miguu, akarudi naye. Mkimnyima, nyie ni vipofu. Mwambie hivyo hivyo, vipofu!"

Pan akameza mate. Kisha akasema kwa Kiingereza, "Mkuu anasema najitahidi, na bado nina mengi ya kujifunza."

Nusura nimtupie kiatu.

Ndipo Bi. Rosalind akacheka. Alipofungua mdomo kikatoka Kichina cha majirani zetu wa Sichuan, kile cha sokoni kabisa.

"Mwalimu Pan, masikio yangu bado mazima. Nimefundisha Chengdu miaka kumi na mmoja. Ila huyu kipofu mwenzangu hajui Kichina, na yeye ndiye anayeandika alama. Tafsiri upya. Yote."

"Kumbe anasikia!" Mkuu akanong'ona, akafunga haraka kifungo cha koti.

Pan akatafsiri. Kila sifa ilimtoka kama jino linalong'olewa. Alipofika kwenye "sijapata mwalimu kama huyu" sauti ikakatika, akafuta macho kwa mkono wa sweta, akasema mpaka mwisho. Hata vipofu hakuwaacha.

Collins hakutabasamu. "Basi ilikuwaje mkuu huyo huyo akaandika 'wa kawaida'?"

Nilimwona Pan anapanga uongo, kisha nikamwona anauacha.

"Niliiandika mimi. Mkuu alipiga muhuri tu."

"Unajua kanuni zetu zinasemaje juu ya hilo?"

"Najua."

"Na nani alikushauri ujiandike vibaya hivi?"

Hakunitazama. Angeweza, nilikuwa hatua mbili tu mbele yake. "Hakuna. Ni mimi mwenyewe."

Hapo nilishindwa. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Nikavuta droo, nikatoa karatasi yake ya kwanza, nikazunguka dawati hadi mbele ya kamera.

"Ni mimi," nikasema. "Naitwa Luo, nafundisha naye. Aliandika ukweli, nikamkatia. Someni chini ya wino mwekundu."

Collins akasogeza pua hadi kwenye kioo, akasoma muda mrefu. Wakazima sauti. Tuliona midomo yao tu inacheza. Mkuu akaniuliza wanasema nini, nikamwambia anyamaze. Hatimaye sauti ya Bi. Rosalind ikarudi.

"Barua ile tunaiweka kando. Mkuu aandike nyingine kwa mkono wake, kwa Kichina, nitaitafsiri mimi. Ifike kesho kabla ya saa sita mchana wenu. Lakini hatuahidi kitu."

Mkuu alitufukuza ofisini ili aandike. Tukasimama ukumbini, tunamchungulia dirishani akitafuna kalamu.

"Dada," Pan akasema, "ile mistari. Uliikata kwa adabu tu?"

Ningeweza kuitikia ndiyo, yakaisha.

"Nusu," nikasema. "Nusu ni wivu. Nilikosa mimi, kwa nini upate wewe? Na ukienda, nitatazamana na nani?"

Aligeuka akamtazama Mkuu dirishani.

"Nusu ya kwanza nimesamehe," akasema. "Ya pili, ngoja majibu yaje."

Tulingoja siku thelathini na nne. Tulisahihisha madaftari, tulikula pamoja, tulizungumza habari za mvua na mitihani. Kila simu yake ikilia, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuinua macho. Usiku nilihesabu miezi iliyobaki hadi wa kumi na mbili.

Jibu lilifika Jumatatu, kipindi cha pili. Nilimwona anafungua simu na kusoma, na uso wake haukuniambia kitu. Nikasema moyoni, haya, Luo, umemaliza kazi yako.

Akaisogeza simu juu ya madawati mawili, hadi mbele yangu.

"Soma wewe," akasema. "Kwa sauti. Na usikate hata neno."

Nikavaa miwani. "Mpendwa Mwalimu Pan," nikasoma, "tunayo furaha kubwa." Nikaendelea, neno kwa neno, mpaka kwenye sahihi.